Kitambaa Juu ya Seva

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Sixtus Kinunda aliigusa seva yake kwa mgongo wa mkono, kama mzazi anavyogusa paji la mtoto anayeshukiwa kuwa na homa. Ikiwa vuguvugu, aliiacha. Ikiwa ya moto, aliinama, akapuliza vumbi jekundu lililoziba vitundu vya ubavuni, akasikiliza feni inavyozunguka, kisha akaenda kupiga mswaki. Hakuwa na sala nyingine ya asubuhi. Ile ya kanisani aliisali Jumapili pamoja na wengine, midomo ikienda yenyewe.

Seva ilikuwa kompyuta ya mtumba isiyo na skrini, ndogo kama kopo la biskuti, na ilikaa juu ya kabati la vyombo sebuleni kwake, mjini Mbinga, kati ya redio na sanamu ya Bikira Maria. Aliinunua baada ya mchwa kula albamu ya familia kule Matiri, nyumbani kwa baba yake, mzee Tobias. Albamu ilikuwa sandukuni chini ya kitanda. Walipoifungua siku ya Krismasi walikuta majalada mawili na udongo katikati. Sixtus ni mtunza kumbukumbu, mtu wa masijala, amekaa miaka ishirini na mbili kati ya mafaili ya serikali, na jambo lile alilichukua kama aibu yake mwenyewe. Akawaambia ndugu zake: leteni kila picha mliyonayo, kila barua, kila cheti cha ubatizo, mimi nitatunza. Wakaleta, kwa bahasha na kwa simu. Ndani ya seva aliweka diski mbili. Kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa na kwenye nyingine, ili ikifa moja ibaki moja.

Mateso ya kuwa na seva nyumbani ni madogo, ila hayaishi. Umeme unakatika. Betri ya akiba inazeeka bila kusema. Perpetua, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikulia kwenye nyumba iliyowahi kupigwa radi, kwa hiyo mbingu ikinguruma alichomoa kila waya bila kuuliza, na seva iliyochomolewa ghafla huamka na kizunguzungu. Sixtus alikaa nayo saa nzima akiibembeleza ihesabu upya vilivyomo ndani yake. Panya walitafuna waya mara mbili. Msimu mmoja wa mvua sisimizi walihamia humo kwa sababu ya joto, wakataga. Na kuna siku ilijipakulia masasisho yake yenyewe, kimya kimya, ikamaliza bando la mwezi mzima watu wakiwa misani.

"Baba Glorious," Perpetua alimwambia siku hiyo, akimwita kwa jina la binti yao aliyekuwa bwenini, "mtoto niliyemzaa mimi anakula kidogo kuliko huyu."

"Huyu hahitaji sare."

"Ndiyo maana simfulii."

Malipo yake nayo yalikuwa madogo. Mwalimu wa kwaya alikuja na jasho usoni, kuna wimbo waliourekodi miaka sita iliyopita na sasa besi zote zimeusahau. Sixtus aliupata kabla chai haijapoa. Wanafunzi wa kidato cha nne walisimama nje kwenye ua wa michongoma, simu mikononi, wakivuta mitihani ya miaka ya nyuma. Mdogo wake Dastan, fundi wa boti kule Lituhi, alipiga simu kutoka ufukweni: kaka, nitumie ile ya Baba ameshika jogoo. Dakika moja, ikafika. Mambo kama hayo yalimfanya Sixtus ajione ana sehemu yake duniani.

Mzee Tobias alikufa Juni ya mwaka jana, kahawa ikiwa imeanikwa. Kitinda mimba wake, Stella, ni muuguzi Kigoma, na wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minane. Daktari alimkatalia safari. Alimpigia Sixtus akiwa hapumui vizuri.

"Kaka, nirekodie. Kila kitu. Nataka nimwone anavyoshuka."

Sixtus alirekodi. Aliazima kamera nzuri na stendi yake. Kabla ya misa alimwomba katekista atangaze kwamba watu washushe simu zao, wasali, mtoto wa marehemu anarekodi kwa niaba ya wote. Watu wakatii. Video ilikuwa ya masaa manne na dakika kumi na mbili. Alikumbuka jinsi betri ilivyokuwa ikishuka, jinsi kivuli cha mgrevilea kilivyomharibia mwanga, jinsi alivyoogopa kadi isije ikajaa. Wengine walilia. Yeye alijiwekea kilio chake cha baadaye, akishamaliza kazi, na alipomaliza kazi hakikuja. Kesho yake hakikuja. Mwaka ukaenda hivyo, kama mguu uliokaliwa vibaya: unauona ni wako, unautikisa, haujibu.

Aliiweka video kwenye seva, katika folda aliyoiita Mazishi ya Baba, akairudisha kamera kwa mwenyewe na kadi ikiwa imefutwa. Hakuifungua hata mara moja. Ilikuwa nzito mno kutumwa Kigoma kwa simu, na kila alipokaa kuikata vipande alijikuta ana kazi nyingine. "Ipo," alimwambia Stella kila alipouliza. "Ukija kwenye misa ya mwaka utaiona yote, nimekaa pembeni yako."

Wenye seva wana kanuni kwamba nakala moja ilale nyumba nyingine. Mama yake Sixtus, ambaye alitangulia siku nyingi, aliijua kanuni hiyo bila seva. Mbegu zake za mahindi alizitundika juu ya moshi jikoni, lakini nusu alizipeleka kwa jirani ng'ambo ya korongo, ili moto ukipita kwake usiondoke na msimu mzima. Ndivyo Sixtus alivyompa Dastan diski ya tatu akae nayo Lituhi, na kila Krismasi alishuka ziwani kwenda kuijaza upya. Krismasi iliyofuata kifo cha baba yao hakushuka. Hakuwa mgonjwa. Alikaa tu kwenye kiti, begi likiwa mlangoni, mpaka basi likaondoka.

*

Mwezi Mei Shangazi Gaudiosa, dada yake mzee Tobias, alikuja kutoka Matiri kutibiwa goti, akapewa chumba cha Glorious. Wiki iliyofuata Sixtus aliitwa semina Songea, siku kumi na mbili. Asubuhi ya kuondoka, shangazi alimuuliza kile kinachonguruma juu ya kabati ni kitu gani.

"Mashine ya kutunzia, shangazi. Picha zote za Baba zimo humo. Na mazishi yake."

"Yote?"

"Yote."

Shangazi alikitazama. "Na mmekiacha uchi hivyo," alisema.

Sixtus alikuwa ameinama anatafuta kiatu cha pili.

Alirudi Ijumaa moja mchana, Juni imeshaingia, wiki mbili kabla ya misa ya mwaka. Shangazi alikuwa peke yake sebuleni, mguu juu ya kigoda, sindano ya kufumia mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Karibu. Umekonda. Huko Songea hawapiki?"

Seva haikuonekana. Mahali pake palikuwa na kilima kidogo cheupe: kitambaa cha kufuma cha uzi wa pamba, chenye maua kwenye kona zote nne, kimeshuka vizuri kila upande hadi juu ya kabati. Juu yake iliwekwa rozari. Mbele yake kulikuwa na chupa ndogo ya maji ya baraka. Nyumbani kwa Shangazi Gaudiosa hakuna kitu cha heshima kinachokaa bila kitambaa. Redio ina chake, viti vina vyao, na picha ya marehemu mumewe ukutani ina cha kwake chenye kamba, kinachofunuliwa Jumapili na kufunikwa tena Jumatatu ili vumbi na macho ya wapita njia visimchoshe.

Sixtus aliweka begi chini, akapeleka mgongo wa mkono. Baridi. Chini ya kile cheupe vidole vyake vilikuta kitu kingine kinene, kitenge kilichokunjwa mara mbili.

"Imenyamaza lini?"

"Kile kinachonguruma? Jumanne. Kwanza kilipiga kelele sana, kama mtu mwenye pumu. Nikasema ni hii baridi yenu ya Mbinga, nikakiongezea kitenge. Kikatulia."

"Na maji ya baraka?"

"Kidogo tu. Asubuhi na jioni."

"Uliyaweka wapi, shangazi?"

"Si pale kwenye vile vitundu? Nyunyu, nyunyu. Ndiko nilikoona panaingia ndani."

Perpetua aliingia akitokea shuleni, madaftari kifuani, akamkuta mumewe amesimama mkono juu ya kitambaa kama mtu anayeapa. Akatazama huku na huku.

"Mimi nilidhani mmekubaliana," alisema. "Nilijua umemwagiza."

"Sikumwagiza."

"Basi ungepiga simu uulize hali ya mtoto wako. Hali yangu uliuliza mara mbili tu, nikajua umechoka."

Sixtus alimgeukia shangazi yake. "Shangazi, hii ni mashine."

"Najua ni mashine. Mimi si mjinga, Sixtus. Hata kaburi ni udongo tu, mbona tunalijengea?"

Sixtus aliitafuta hasira yake mahali ilipokuwa ikikaa, akapakuta patupu, pamefagiwa. Akachukua bisibisi.

Ndani palinuka chuma cha mvua. Kutu ya kijani ilikuwa imeota kwenye sehemu zinazokutana na waya, na feni ilikuwa imejisokota nyuzi nyeupe za pamba mpaka ikawa kama kifuko cha mdudu. Alipoziunganisha diski kwenye kompyuta ya kazini, moja ilitoa mlio wa saa iliyokwama, tik, tik, tik. Nyingine haikusema kitu. Jumatatu alizituma Songea kwa fundi anayesifiwa. Siku ya tatu fundi alipiga simu.

"Mzee, hizi zilipikwa kwanza, halafu zikaoshwa. Nani amekufanyia hivi?"

"Ndugu," alisema Sixtus. "Ahsante."

Jioni ya siku hiyohiyo akapiga Stella. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mtoto anayegonga sufuria.

"Kaka, nimeshakata tiketi. Jumatano ijayo naingia Mbinga. Ile video ipo?"

Sixtus alitazama kabati. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa, kimewekwa pembeni.

"Maana nikuambie kitu," Stella aliendelea bila kungoja. "Mwaka mzima huu namwota Baba anashuka. Kamba zinashuka, zinashuka, na yeye hafiki chini. Naamka kabla hajafika. Shemeji yako ananiambia nikaombewe. Mimi sitaki kuombewa. Nikimwona amefika, nitalala."

"Njoo, mdogo wangu," alisema Sixtus.



*

Jumamosi alishuka Lituhi. Basi liliteremka kutoka kwenye miinuko ya mahindi na mashimo ya ngoro yanayotunza maji mashambani, hewa ikawa nzito na ya joto, na ziwa likatokea lote kwa mara moja, bluu, likiwa halina habari na mtu. Zamani kona ile ilimfanya asogee dirishani. Safari hii aliliona akasema moyoni, ziwa, kama anavyosoma jina juu ya faili.

Dastan alikuwa chini ya boti iliyopinduliwa, anaziba nyufa. Alitoka akijipangusa lami mikononi.

"Kaka! Krismasi imekuja Juni?"

"Ile diski unayo?"

"Ulinipa nikae nayo, nitaiuza?" Alimpeleka ndani, akafungua pipa la mbegu, akazamisha mkono hadi kwenye kwapa kati ya mahindi na majivu, akatoa kifurushi cha nailoni kilichofungwa kwa uzi wa nyavu. "Ulisema isipate unyevu. Mbegu nazo hazitaki unyevu. Nikaona zikae pamoja, zizoeane."

Diski ilizunguka. Sixtus alikaa kwenye benchi la Dastan, kompyuta mapajani, akaona orodha ikishuka: ubatizo, kipaimara, harusi, mahafali, barua ya babu ya mwaka sitini na tisa. Baba ameshika jogoo. Baba anacheka na mtu asiyeonekana. Picha ya mwisho ilikuwa ya Krismasi ya mwaka juzi. Baada yake hakuna.

"Kwa hiyo kilichopotea ni mazishi tu," Dastan alisema, amemchungulia begani.

"Mazishi tu."

"Na Stella ndiyo hayo anayoyataka."

"Ndiyo hayo."

Dastan alikaa chini. Walisikia watoto ufukweni wakifukuza kunguru kwenye dagaa wa usipa walioanikwa.

"Unaumia, kaka?"

"Sijui. Nasikia kama habari ya watu wengine."

"Ulikuwa hivyohivyo siku ile. Tulikupita na jeneza, mimi wa pili kulia, bega linataka kung'oka, ukaniambia nisogee kushoto kidogo."

Sixtus alimgeukia. "Nilisema hivyo?"

"Ukanyoosha na mkono. Nikasogea, nifanyeje? Karibu nimkanyage katekista."

"Basi wewe unaweza kumsimulia Stella."

"Mimi? Nilichokiona ni kisogo cha binamu Tarsisi, kutoka kanisani mpaka shimoni. Nikiambiwa nikichore, nakichora." Aliinuka, akafunga usipa kwenye gazeti. "Mpelekee shangazi. Mwambie hawa asiwafunike, wataoza."

*

Stella aliingia Jumatano mchana na mtoto wa miezi kumi na mmoja mgongoni, aitwaye Tobias, mwenye paji la uso la babu yake kabisa. Alimwamkia shangazi, akakumbatiana na wifi yake, akanywa maji. Kisha alikaa kwenye kiti kinachotazamana na televisheni, akamweka mtoto gotini, akanyoosha sketi kama mtu aliyefika kanisani mapema.

"Haya, kaka. Niko tayari."

Sixtus alikuwa amesimama. Kwa siku tano alikuwa amepanga maneno, na yote yalikuwa maneno ya barua za ofisini.

"Stella, haipo."

"Haipo wapi?"

"Imepotea. Mashine iliharibika, na nakala ya Lituhi sikuipeleka Krismasi. Picha za zamani zipo zote. Mazishi hayapo. Ni kosa langu."

Stella alimhamisha mtoto kutoka goti moja kwenda jingine. Perpetua alisimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

"Mwambie na habari ya kitambaa," shangazi alisema kutoka kwenye kona yake.

"Shangazi, si lazima."

"Mwambie. Au nimwambie mimi." Hakungoja. "Stella mwanangu, nilimfunika baba yako nisimwone uchi, nikamnyunyizia maji ya baraka, nikamuua mara ya pili. Ndiyo habari yenyewe."

Stella alitoa sauti iliyoanza kama kicheko na haikuendelea kuwa kitu chochote. Mtoto alimtazama mdomo. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Sawa," alisema hatimaye. "Lakini wewe ulikuwepo, kaka. Masaa yote manne ulikuwa umesimama pale. Nisimulie."

Sixtus alifungua mdomo. Alirudi ndani ya siku ile kama anavyoingia masijala, akijua kabati gani, rafu gani. 

"Jua lilikuwa kushoto," alisema.

Stella alingoja.

"Ilibidi nihamishe stendi mara mbili. Tulipotoka kanisani betri ilikuwa imebaki thelathini na nane. Kulikuwa na upepo, nikaogopa sauti itaharibika."

"Nakuuliza Baba."

"Sikumwona," alisema. Lilitoka bila uzito, kama kutaja saa. "Nilikuwa naangalia kama yuko katikati ya kioo."

Stella aliinamisha uso juu ya kichwa cha mtoto. Ndipo shangazi alipoweka chini uzi wake, akaushusha mguu kutoka kwenye kigoda kwa mikono miwili, taratibu, akajiweka sawa.

"Lilikwama," alisema.

"Nini kilikwama?"

"Jeneza. Mabegani. Vijana walichimba kwa kipimo cha mtu mwingine, wakasahau kaka yangu alivyokuwa na mabega. Lilishuka hivi, likakaa. Wakatikisa kamba, hakuna. Dastan akasema, Baba hataki. Watu wakacheka, Stella. Hata padri alijificha kwenye kitabu. Wakamtoa tena, wakamweka pembeni juu ya nyasi, wakaomba jembe. Hakukuwa na jembe karibu ila lake mwenyewe, lile la mpini mfupi, lililokuwa limeegemea kibanda cha kahawa. Wakamchongea upande huu kwa jembe lake. Kimvua kikaja, kile cha Juni kisicholowesha. Mimi nikatoa khanga yangu moja nikamtandikia juu. Unaona? Sikuanza jana kumfunika."

Stella alicheka, safari hii kweli, machozi yakishuka.

"Wakamshusha mara ya pili. Hapo pakawa kimya."

"Akafika chini?"

"Akafika."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia. Nilikuwa nimepiga magoti hapa, kwa goti hilihili linaloniua. Ubao ukakaa kwenye udongo. Puu. Kama mtu aliyetoka shamba mbali, anautua mzigo mlangoni."

Stella alifumba macho, mkono ukimpigapiga mtoto mgongoni. Sixtus alikuwa bado amesimama palepale. Hadithi nzima aliisikia kwa mara ya kwanza. Khanga, jembe, kicheko, mambo yote hayo yalikuwa yamepita mbele ya jicho lake lililo wazi.

"Halafu katekista akaita watoto waweke udongo," shangazi aliendelea, sauti ikiwa imeshuka. "Akaanza na mkubwa. Sixtus, mwana wa Tobias. Kimya. Akaita tena. Watu wakageuka. Ulikuwa juu ya tuta, kwenye mibuni, umefumba jicho moja. Akaita mara ya tatu. Haiwezekani kumwita mtu mara ya nne shimoni, utamwita yeye aingie. Basi nikachota mimi. Nikasema, huu ni wa Sixtus, nikaurusha. Ndipo nikachota wangu."

Sixtus alitazama mikono yake, kwanza viganja, kisha migongo yake.

"Hukuniambia," alisema.

"Nilidhani unajua. Nilidhani umejirekodi."

*

Alhamisi Sixtus aliiunganisha diski ya Lituhi kwenye kompyuta nyingine ya zamani, akaiweka juu ya kabati. Shangazi alikuja na kitambaa, akasimama nacho mbali kidogo.

"Tandika chini yake, shangazi. Hapo haitazibwa."

Alitandika, akanyoosha kona zote nne, akarudi nyuma hatua moja kukagua. "Sasa inapumua?"

"Inapumua."

Ijumaa walipanda Matiri wote, kwa sababu kaburi lilitakiwa kujengewa kabla ya misa ya Jumamosi. Dastan alikuwa amefika alfajiri. Mafundi walikuwa wameshapanga matofali kuzunguka tuta la mzee Tobias, kando ya la mkewe, na zege lilikuwa limechanganywa kwenye bati, la kijivu, likingoja. Kahawa nyekundu ilikuwa kwenye mibuni mpaka chini ya mteremko. Stella alisimama upande wa miguu na mtoto mgongoni. Alisema amelala usiku wa kuamkia Alhamisi, na wa kuamkia leo pia.

"Leo harekodi mtu?" fundi mmoja aliuliza. "Mwaka jana tulishushishwa simu zetu hapa."

"Leo tumepumzika," alisema Perpetua.

Sixtus alisogea mpaka kwenye matofali. Dastan, aliyekuwa ameshika koleo, alimtazama.

"Kaka, nisogee kushoto?"

"Kaa hapohapo."

Aliruka tofali, akachuchumaa. Juu, udongo ulikuwa umekauka, umepasuka. Alichimba kwa vidole hadi akafika ulipo mweusi, akachota kiganja kimoja. Shangazi Gaudiosa, kutoka kwenye mkeka wake, alimwita kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

"Sixtus, mwana wa Tobias."

"Naam," alisema.

Akauachia. Alingoja kitu kije, nacho hakikuja, au kilikuja kikiwa kidogo sana kwa mtu aliyekwisha kusahau ukubwa wake. Alichohisi ni udongo. Ulikuwa baridi, una unyevu, na ulikuwa na kijiwe ndani yake kilichobaki kimenata kwenye kiganja. Hakukitoa.

"Tumwage, mzee?" fundi aliuliza. "Zege linakauka."

Sixtus alirudi nje ya matofali, akasimama karibu na dada yake.

"Mwageni," alisema.